Mshororo wa Kwanza

Tomeno ndiye aliyempigia binti yangu simu jijini Nagoya. Ni jirani yangu wa upande wa mtoni, tuliolewa kijiji hiki mwaka mmoja, na mdomo wake haujawahi kwenda likizo. Maneno aliyosema nimeyapata kwake mwenyewe, maana hata siri zake hawezi kuzitunza: "Chizuru, mwanangu, njoo umwone mama yako. Kichwa kimeanza kumruka. Jana ametuaibisha mbele ya Amida."

Mimi sikumwaibisha mtu. Nilinyamaza tu, mahali ambapo wao walitaka niseme. Lakini nikikaa nikalifikiria jambo lenyewe, nachanganyikiwa mimi pia, kwa hiyo afadhali nilieleze tangu mwanzo.

Sisi huku bondeni tunasoma tenzi za Amida, Buddha wetu, kila asubuhi na kila jioni, mbele ya madhabahu ya nyumbani. Hatuzisomi kimoyomoyo, tunazighani. Na zina utaratibu wake. Kiongozi hughani mshororo wa kwanza wa kila ubeti akiwa peke yake, na wengine wote huingia kuanzia mshororo wa pili. Katika nyumba yetu kiongozi alikuwa mume wangu Yosaburo. Mimi niliitikia. Tangu nilipoingia nyumba hii nikiwa bibi harusi mwenye haya hadi mvi zilipojaa kichwani, sikuwahi hata siku moja kuutamka mshororo wa kwanza. Haikuwa kazi yangu, kama vile yeye hakuwahi kukoroga supu.

Nisidanganye kwamba nilikuwa naifurahia sauti yake. Yosaburo alikuwa mzito. Akishagonga lile bakuli la shaba linalolia kama kengele, alikaa kwanza. Anakohoa. Anapapasa ukurasa kana kwamba jana haukuwa hapohapo. Ndipo anaanza, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na gunia la mpunga mgongoni. Mimi nipo nyuma yake, magoti yananiuma, supu inachemka jikoni, moyoni nasema, baba wee, anza basi watu tukale.

Alifariki majira ya kuatika mpunga. Alianguka kwenye banda la miche, na nilipofika alikuwa ameshakwenda. Watu walijaa, mazishi yakafanyika, Chizuru akakaa nami wiki moja akarudi kazini kwake. Asubuhi ya kwanza nikiwa peke yangu nikapika wali, nikaujaza kile kikombe kidogo cha shaba, nikauweka mbele ya Amida. Nikagonga bakuli. Nikafungua kitabu changu. Kisha nikakaa nikisubiri, na hakuna aliyeanza.

Sikujua la kufanya. Haki ya nani ningekuwa na mtu wa kumuuliza ningemuuliza. Kuanza mwenyewe sikuweza, mdomo ulikataa kabisa. Kufunga kitabu nikaenda zangu niliona ni utovu wa adabu. Basi nikaacha muda upite, muda uleule ambao Yosaburo angeutumia kukohoa na kupapasa na kupanda ngazi yake, halafu nikaingia pale ninapoingia siku zote:

*na matope miguuni,*
*jina laitwa nyumbani,*
*mlango haukufungwa.*

Na hapo, jamani, kifua kikatulia. Kilikuwa kimebana tangu siku ya banda la miche, nilikuwa napumua nusu nusu, na sasa kikafunguka. Mshororo uliokosekana ni huu, *Ungali uko njiani*. Sikuusikia kwa masikio, sitaki mtu aseme nilisikia mzimu. Lakini nilijua ulikuwa umepita. Nikaacha nafasi kwenye ubeti wa pili, na wa tatu, hadi mwisho, nikainama, nikaenda kunywa supu yangu. Siku hiyo nilikula mpaka nikashiba.

Nikaendelea hivyo asubuhi na jioni, kiangazi chote na vuli yote. Mchana nilikuwa mjane kama wajane wengine. Nalia nikikuta soksi yake nyuma ya mashine ya kufulia, namtukana kwa kuniachia mashamba. Lakini mara mbili kwa siku nilikuwa na pahali pa kwenda kupumua. Kilichonishangaza ni kwamba mtu mwenyewe alipokuwa hai sikumwona kuwa faraja. Alikuwa Yosaburo tu, mwenye miguu ya baridi. Sasa iweje pengo lake linipoze kuliko yeye alivyowahi kunipoza? Nilikuwa nalitazama swali hilo, linanitazama, tunaachana.

Nilijaribu kumuuliza kuhani wa hekalu letu, Ryojun, kijana mwenye masikio makubwa ambaye nilimjua tangu anavaa nepi. Yeye huja kila mwezi, tarehe aliyofariki mume wangu, na akija yeye ndiye anayeongoza, kwa hiyo alikuwa hajui chochote.

"Kuhani," nikamwambia nikimmiminia chai, "hizi tenzi ninazosoma, zinamfikia Yosaburo?"

"Bibi Fusae, unajua mafundisho yetu. Tenzi si kifurushi cha kutuma posta. Hatusomi ili tumsaidie marehemu, Amida amekwisha kumpokea. Tunasoma kwa kushukuru."

"Sawa. Na mtu akinyamaza, ule ukimya je? Huo unakwenda wapi?"

"Ukimya upi?"

"Ukimya tu. Nimeuliza."

Akakuna sikio. "Hilo hawakutufundisha," akasema, akachukua andazi la maharage.

Basi ndivyo tulivyofika ile siku ya aibu. Mwezi wa theluji ya kwanza zamu ya mkutano wa majirani ilikuwa kwangu. Huwa tunakusanyika, tunaghani pamoja, halafu wanawake wanasengenya na mzee Genzo anasinzia. Ryojun akapiga simu kwamba barabara ya mlimani imefungwa, gari lake haliwezi kupita. "Mwenye nyumba aongoze," akasema. Mwenye nyumba ni mimi, na sikufikiri mara mbili. Nikakaa mbele. Nikagonga bakuli.

Kisha nikanyamaza.

Sikukusudia. Mwili ulifanya ulichozoea. Nyuma yangu nikasikia nguo zikichakarika, mtu akasafisha koo, Tomeno akanong'ona, "Mama Chizuru, anza." Mimi nangoja. Muda ulipotimia nikaingia, *na matope miguuni*, kwa sauti nzuri tu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wengine walidhani nimeanza wakaingia na mshororo wa tatu, wengine wakarudi kuutafuta wa kwanza, mzee Genzo ambaye masikio yake ni pambo akaendelea na ubeti wa jana yake. Nikafika ubeti wa pili, nikanyamaza tena. Tomeno akaanza kucheka, kile kicheko cha msibani kinachotokea puani. Ubeti wa tatu hakuna aliyecheka tena. Walikuwa wananitazama mgongoni, na nilihisi macho yao kama mtu anavyohisi upepo wa mlango ulioachwa wazi.

Tulipomaliza hawakusengenya. Walikunywa chai haraka, wakavaa viatu.

"Pumzika, mama Chizuru," Tomeno akaniambia mlangoni, kwa upole ambao sijawahi kuupata kwake. Upole ule ndio ulionitisha.

Chizuru alifika siku ya pili yake jioni, na sanduku dogo na uso wa kazini. Anafanya kazi kwa daktari wa meno, amezoea kuwaambia watu haitauma.

"Mama, leo tarehe ngapi?"

"Karibu nyumbani na wewe. Umekula?"

"Mama, nimeuliza tarehe."

Nikamtajia tarehe. Nikamtajia na bei ya mafuta ya taa, jina la waziri mkuu na majina ya wachumba wake wote wawili aliowakataa. Hakucheka. Kesho yake akanipeleka kwa daktari wa mjini, nikapigwa picha na kupimwa, nikaambiwa nichore saa, nikachora. Daktari akasema kwa umri wangu haoni tatizo. Chizuru akasema, "Haoni tatizo *leo*." Na mimi, niseme ukweli, nilitoka pale nikiwa nimepotea zaidi. Ningekuwa mgonjwa, basi ule utulivu wangu ungekuwa na jina. Kama siumwi, mimi mwanamke mzima ninayengoja asubuhi na jioni mtu niliyeiokota mwenyewe mifupa yake kwa vijiti baada ya kuchomwa nikaitia chunguni, ni nani?

Wakati wa chakula cha usiku akanifunulia alichokuja nacho. Kulikuwa na nyumba ya wazee karibu na kazini kwake. Chumba kimoja kimepatikana, safi, kina joto, wamemshikia hadi Jumamosi saa sita mchana. Wengine wangekikimbilia.

"Na madhabahu?" nikauliza.

"Mama, chumba ni cha mtu mmoja."

"Nimeona picha. Najua ukubwa wake. Nimeuliza madhabahu."

Madhabahu yetu inajaza ukuta wa chumba kizima cha ndani, dhahabu tupu, babu yake Yosaburo aliijenga kabla hajajenga choo. Chizuru akaanza kuokota punje za wali kwa vijiti, moja moja, kama alivyokuwa akifanya utotoni akitaka kusema uongo.

"Ryojun atakuja kuisomea, kisha itafungwa," akasema mwishowe. "Watu wanafanya hivyo siku hizi. Kuna watu wanakuja kuichukua. Na vitabu utakwenda navyo, utasoma kitandani."

"Kitandani."

"Kimoyomoyo. Kuna wenzako watakuwa wamelala."

Nikamjibu kwamba nitafikiri. Sikuwa na cha kufikiri. Nilikuwa nahesabu tu moyoni ni asubuhi ngapi na jioni ngapi zimebaki kabla pahali pangu pa kupumulia hapajafungwa milango na kupakiwa kwenye gari. Lakini pia nilijiuliza, kama mtoto ana haki? Mtu anaweza kupotea akiwa anajiona yuko nyumbani. Nani atamwambia?

Ijumaa jioni nilikwenda kusoma kama kawaida, na Chizuru akaja akakaa nyuma yangu. Alikuwa hajakaa pale tangu mazishi. Nikagonga bakuli nikanyamaza, na muda wangu ukaanza kupita, ukaanza kunijaa kifuani, na hapohapo kutoka nyuma sauti ikapanda:

*Ungali uko njiani—*

"Nyamaza!"

Sikujua kama ni mimi niliyepiga kelele. Chizuru aliruka. Kitabu kilimwanguka, na kitabu cha tenzi hakiangushwi chini.

"Nilitaka kukusaidia," akasema. "Umesahau, mama. Nilikuwa nakukumbusha."

"Sijasahau! Nani amekwambia nimesahau? Hapo si pako. Hapo pana mwenyewe!"

"Mwenyewe nani?"

Akanitazama, akaitazama madhabahu, akaitazama ile nafasi ya mkeka mbele yangu ambayo sikuwahi kuikalia, isipokuwa siku ile ya majirani. Niliona jambo likimfikia usoni polepole. Nikadhani atanihurumia. Badala yake alikasirika, akawa mwekundu hadi shingoni, nikamwona Yosaburo mtupu.

"Kwa hiyo miezi yote hii unakaa naye humu," akasema. "Mara mbili kwa siku. Mimi naamka Nagoya, napanda treni, nawasuuza watu midomo, narudi kwenye nyumba ambayo hata picha yake sina pa kuiweka. Na wewe unaye. Hukuniambia. Unajua mimi nimeujuaje huo mshororo? Nilikuwa nakaa mapajani pake. Sauti yake ilikuwa inapitia mgongoni kwangu kabla haijatoka. Baba ni wako peke yako?"

Akainuka akaenda jikoni, na nikasikia anaosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa.

Nilibaki pale nimekaa. Niliona aibu na hasira kwa pamoja, na sikujua nianze na ipi. Miezi yote nilijiuliza kama nina wazimu, kama ninamkosea Amida, kama ninamkosea marehemu. Haikunipitia kichwani hata mara moja kwamba ninamnyima mtu. Huyu mtoto nilimzaa mwenyewe, na nilikuwa nimemwona kama mgeni aliyekuja kuhamisha fanicha.

Jumamosi asubuhi nilipika wali mapema. Chizuru alikuwa ameamka, amevaa, simu iko juu ya meza pembeni ya kikombe chake. Macho yamevimba. Ya kwangu pia yalikuwa hivyohivyo, kwa hiyo hatukutazamana sana.

"Njoo tusome," nikamwambia.

"Soma tu, mama. Sitakuingilia."

"Sijasema uniingilie. Nimesema uongoze."

Akaniangalia kama mimi ndiye wa kupimwa tena, na huenda alikuwa sahihi. Lakini nilikuwa nimeshalisema. Nikamsukumia mkeka wa mbele. Akakaa. Nikakaa nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu majira ya miche nikawa na mgongo wa mtu mbele ya macho yangu.

Akagonga bakuli. Akaanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu anayeishi ghorofani na kuogopa majirani, na alikwenda mbio. *Ungali uko njiani.* Nikaitikia. Hakuna kilichotulia kifuani. Nilikuwa nimeutoa utulivu wangu nikabakiwa na mwanamke wa Nagoya anayekimbiza beti. Nikafikiri, haya ndiyo uliyoyataka, Fusae, mjinga wewe. Ubeti wa pili ukapita vilevile. Wa tatu pia.

Wa nne unaanza hivi, *Usihesabu machozi*. Chizuru alivuta pumzi ili auanze, na haukutoka. Mabega yake yakapanda yakabaki juu. Mshororo ule ninaujua, nimeusikia maisha yangu yote ya ndoa, ningeweza kumpa. Sikumpa. Nikanyamaza, naye akanyamaza, na chumba kikawa kimya.

Nilikijua kimya kile. Lakini asubuhi hiyo hakikuwa chepesi kama siku zote. Tulikuwa wawili ndani yake, tumeelekea upande mmoja, kila mmoja amekaza masikio kumsikiliza mtu yuleyule. Tukamngoja. Theluji ilikuwa ikiteleza kwenye paa. Tukamngoja hadi muda wake wote ukaisha, na kidogo zaidi, nami nikaelewa kwa mwili mzima, kwa miguu na kwa meno, kwamba haanzi. Hataanza. Nilidhani kuelewa hivyo kungeniua.

Sijui ni nani kati yetu aliyevuta pumzi kwanza. Tuliingia pamoja:

*si nauli wala ngazi,*
*hata wa leo na juzi*
*wote wamekwishafika.*

Tulimaliza zilizobaki kwa sauti mbaya kabisa, mimi kamasi, yeye kwikwi. Hakukuwa na kiongozi wala mwitikiaji. Nililia vile nilivyopaswa kulia siku ya mazishi, wakati nilikuwa nashughulika na chai ya wageni. Na katikati ya kulia kule kifua changu kilikuwa kimefunguka, kipana kuliko siku zote. Msiniulize ni kwa nini, mimi mwenyewe sijui. Kama ni faraja, ilikuwa inauma.

Chizuru aliinama mbele ya Amida, akageuka, akajifuta pua kwa mkono wa sweta kama mtoto wa chekechea. Kisha akaenda kuchukua simu. Alirudi nayo chumbani, akapiga magoti palepale kwenye mkeka wa mbele, akabonyeza.

"Habari za asubuhi. Ni kuhusu kile chumba mlichotushikia," akasema kwa ile sauti yake ya kazini, ingawa ilikuwa imekwaruza. "Mpeni mtu mwingine, tafadhali. Samahani kwa usumbufu."

Upande wa pili walisema jambo. Nafikiri walimuuliza kama hali ya mgonjwa imebadilika, maana alinitazama, mimi nimekaa na kitambaa cha jikoni usoni.

"Hapana, mama yangu haumwi," akasema. "Amefiwa."

Akaitazama madhabahu, simu bado iko sikioni.

"Tumefiwa," akasema.